Mtutu Mfupi wa Denver Cogar

Burl Tenney aliulizia ufunguo wa kabati la bunduki kabla rafiki yake Denver Cogar hajazikwa. Aliuliza jikoni, katikati ya masufuria ya maharage na keki zilizoletwa na majirani, kofia mkononi, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi. Arleta, mjane, alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Akamwambia hajui ufunguo uko wapi. Alikuwa anajua. Ulikuwa mfukoni mwa sweta aliyoivaa.

"Si lazima leo, shemeji," Burl alisema. "Nilitaka tu kuitazama ile bunduki yake ya mashindano. Nikae nayo siku moja, niisafishe."

"Ni safi."

"Najua. Denver hakuwa mchafu." Akaivaa kofia, akakumbuka yuko ndani ya nyumba ya msiba, akaivua tena. "Basi nitauliza siku nyingine."

Alipotoka, Ramona alisogea kutoka penye sinki. Ramona ni dada yake Denver, mwanamke mrefu mwenye mdomo usiolala, na masikio yake yalikuwa yamebaki kwenye mazungumzo hayo wakati mikono ikisuuza vikombe.

"Wifi, umemsikia huyo?"

"Nimemsikia."

"Kaka yangu hajapoa, huyu anataka kabati. Miaka yote Denver anamchapa kwenye mashindano, anarudi nyumbani mkono mtupu. Sasa anataka kujua siri iko wapi. Siri iko kwenye ule mtutu, nakwambia. Atauchukua akuletee mwingine, na wewe hutajua tofauti."

"Nitajua."

"Utajua wewe? Haya." Ramona akakausha kikombe mpaka kikalia. "Usimpe ufunguo."

Arleta hakumpa. Burl aliuliza tena baada ya mazishi, na mara nyingine tena theluji ilipoanza kuyeyuka, na kila mara Arleta alimpa sababu mpya. Alikuwa amemjua mtu huyo tangu ujana. Alikuwa amemlisha mezani kwake Jumapili zisizohesabika, na ndiye aliyembeba Denver mgongoni kutoka msituni mwaka alioteguka mguu wakiwinda paa. Lakini maneno ya Ramona yalikuwa yameingia na kukaa kitako. Ukishaanza kumtazama mtu kwa jicho hilo, hata akikohoa unajiuliza anaficha nini.

Bunduki yenyewe haikuwa ya ajabu kwa macho. Nusu ya watu wa klabu ya Pawpaw Run walikuwa na za namna hiyo. Kilichowafanya watu waizungumze ni urefu wa mtutu wake. Mashindano yao ni ya karibu: mtu anapita kwenye milango ya mbao, anachungulia kwenye vidirisha, anapiga makadibodi yaliyosimama umbali wa kutemeana mate, na saa inahesabu. Hapo mtutu mrefu unagonga miimo ya milango. Mfupi unageuka upesi, ila una kelele za kuumiza meno na teke kali zaidi begani.

Denver na Burl walibishana juu ya hilo maisha yao yote. Burl alishikilia inchi kumi na nane. Alisema mtutu mrefu hutulia, risasi ya pili inakuta nukta ya shabaha ipo palepale. Denver alipenda inchi kumi na nne na nusu. Sheria yao hairuhusu mtutu wa bunduki ndefu upungue inchi kumi na sita bila kuandikishwa serikalini, na Denver hakuwa mtu wa kuandikishwa. Akafanya kama wengi wanavyofanya. Alifunga breki mdomoni mwa mtutu, kile kipande cha chuma chenye matundu ya kupunguzia teke, ikatobolewa, ikatiwa pini, na juu ya pini ikachomelewa. Breki ikishachomelewa haitoki, na kisichotoka kinahesabiwa kuwa mtutu. Pamoja nayo ulivuka inchi kumi na sita kwa unywele. Aliyechomelea ni Burl mwenyewe, maana alikuwa fundi wa kuchomelea mgodini hadi alipostaafu. Alichomelea huku akimtukana Denver kwa kuchagua urefu wa kitoto.

Mwezi wa nne, Kip Lantz, mwenyekiti wa klabu, alimpigia Arleta simu. Shindano la masika mwaka huu lingeitwa kwa jina la Denver. Je, angependa kuja kukata utepe?

"Utepe wa nini? Nitakuja kupiga," Arleta alisema.

"Na bunduki yako ile nyepesi?"

"Na bunduki yake. Kama alivyoiacha."

Kip akasema vizuri, vizuri sana, na kwamba aje mapema kwa sababu kila bunduki itapimwa mezani kabla ya kuingia. Watu wa bima wameleta masharti. Arleta hakulitia maanani hilo. Alikuwa anafikiria neno alilolisema, kama alivyoiacha, na alipokata simu alijikuta anataka jambo hilo kuliko alivyotaka kitu chochote tangu msiba. Mavazi ya Denver alikwisha kuyagawa. Gari lake alikwisha kuliuza. Bunduki ilikuwa imefungwa vile mikono yake ilivyoifunga, kila skrubu mahali pake, na angepita nayo kwenye milango yake ya mbao mbele ya watu wake.

Kesho yake Burl akafika, kitu kirefu kimefungwa kwa gazeti kwapani.

"Nimesikia utapiga," alisema mlangoni.

"Habari zinakwenda kasi."

"Kip hana breki kwenye ulimi." Akaweka mzigo mezani, akaufungua. Mtutu mpya, mweusi, bila madoido. "Inchi kumi na sita. Nakufungia bure. Huo wa Denver naondoka nao, usikusumbue."

Arleta aliutazama mtutu, kisha akamtazama mwenye mtutu. "Unisumbue kwa lipi?"

"Ule ni mfupi, shemeji. Unapiga teke. Kelele zake zitakutoa machozi."

"Nina vifaa vya kuziba masikio."

"Bado utalihisi teke."

"Burl, kwa miaka yote hukukubali kitu chini ya inchi kumi na nane. Ulimwita mume wangu mtoto mbele za watu. Leo unaniletea kumi na sita?"

"Kwa umbo lako kumi na sita inatosha."

"Na kumi na nne na nusu haitoshi umbo langu?"

Burl alikuna shingo. Ni mtu mwenye uso mpana usiojua kujificha, na uso huo ulikuwa umeanza kuwa mwekundu kuanzia kwenye kola. "Nimesema tu," akasema. "Fikiria."

"Nitafikiria. Chukua gazeti lako."

Aliondoka nalo, ila mtutu aliuacha mezani kana kwamba ameusahau.

Jumapili kanisani kulikuwa na chakula cha masika, vitunguu vya porini na viazi na nyama ya nguruwe, ukumbi mzima unanuka mpaka kwenye mapazia. Burl alimjia Arleta akiwa na sahani mkononi. Safari hii hakutaja teke. Alisema mtutu wa Denver umelika. Umepiga risasi nyingi mno, mistari ya ndani imekwisha, hautapiga tena pale unapolengwa.

"Umeliona wapi hilo?" Arleta akamuuliza.

"Denver aliniambia."

"Lini?"

"Hospitali."

"Mlikuwa mnazungumzia mistari ya mtutu hospitali?"

"Tulizungumza mengi."

Ramona alikuwa amekaa meza ya pili, uma umesimama hewani. Burl alipoondoka alihamia upande wa wifi yake bila hata kujifanya. "Juzi mfupi mno, leo umelika," alisema. "Wiki ijayo atakwambia una mizimu. Mtu mwenye sababu moja ana sababu. Mwenye tatu ana shida."

"Hajafika tatu."

"Mpe nafasi."

Arleta hakucheka. Jambo la hospitali lilikuwa limemchoma mahali. Siku zile za mwisho, kila Burl alipoingia chumbani, Denver alikuwa akimwomba mkewe akamtafutie kahawa, na aliporudi nayo wanaume wawili hao walikuwa kimya. Wakati ule aliona ni kimya cha huzuni. Sasa alianza kuyafikiria yale yaliyosemwa kabla ya kimya.

Jumatano, siku ambayo uwanja wa klabu huwa hauna mtu, akafungua kabati, akaitoa bunduki, akaenda peke yake. Alitaka kujua kama Burl anasema kweli. Akabandika karatasi, akalala chini, akapiga polepole. Matundu yalikaa pamoja kama punje kwenye gunzi. Mtutu uliolika haupigi hivyo. Basi hilo la kwanza ni uongo, akajisemea.

Akasimama, akajaribu upesi, risasi mbilimbili, jinsi wapigavyo kwenye mashindano. Hapo alishangaa zaidi. Teke lilikuwa dogo. Bunduki ilisukuma bega lake kwa upole, nukta nyekundu kwenye kioo ikatikisika na kurudi mahali pake. Aliwahi kuipiga zamani, na aliikumbuka ilivyokuwa ikimrusha. Mfupi kila mtu anajua ni mkali. Huu ulikuwa laini kuliko bunduki yake mwenyewe. Akapiga magazini nzima ya risasi bila kupumzika, kisha nyingine, akitafuta lile teke ambalo Burl alimtishia nalo, na hakulipata. Uongo wa pili. Ramona alisema kweli. Mtutu huu ni dawa, na Burl anautaka.

Alirudi nyumbani amekasirika, na kwa kuwa alikuwa mke wa Denver, alikaa mezani kuisafisha kabla ya kula. Akafuta masizi. Alipofika mdomoni akaishika breki kwa kitambaa, akaikaza vidole ili kufuta matundu yake.

Breki ikazunguka.

Ilizunguka kidogo tu, robo mzunguko, kwa mlio wa mchanga. Arleta aliiachia kama aliyeshika kikaango cha moto. Kisha akaishika tena, akairudisha. Ikarudi. Akaleta taa. Chini ya breki, pale panapokaa pini, rangi nyeusi ilikuwa imepasuka kwa joto, na ndani ya tundu haukuonekana mchomeleo wala pini. Kulikuwa na kitu cha kijivu, kikavu, kilichovunjika kama mkate wa jana. Gundi. Ile gundi ya chuma wanayouza madukani kuzibia mabomba.

Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Kisichotoka kinahesabiwa, na hiki kilikuwa kinatoka. Alichokuwa amekilaza juu ya taulo lake la jikoni kilikuwa mtutu wa inchi kumi na nne na nusu usioandikishwa, jambo ambalo watu wamefungwa jela kwa ajili yake. Na wiki mbili zijazo angeupeleka kwa miguu yake mwenyewe kwenye meza ya kupimia, siku ya jina la mumewe.

Akasukuma pini mbili za mwili wa bunduki, akaitenga bunduki vipande viwili, kipande cha chini akakirudisha kabatini. Akili yake ilikuwa imetulia kwa namna mbaya. Aliyepewa kazi ya kuchomelea ni Burl. Hivyo Burl hakuchomelea. Alipaka gundi, akapiga rangi, akamrudishia rafiki yake kazi ya kihuni, na Denver alitembea nayo miaka yote bila kujua. Sasa meza ya kupimia inakuja, na mwizi anataka kuiba ushahidi wake. Kila kitu kiliingia mahali pake: ufunguo, gazeti, vitunguu vya kanisani.

Akakifunga kile kipande cha juu kwenye blanketi, akaendesha gari hadi kwa Burl, njia yote akipanga maneno.

Burl alikuwa kwenye karakana yake, anachomelea ubavu wa trela. Alipomwona akainua kinyago, na alipoona blanketi akafunga mtungi wa gesi kabisa.

Arleta aliweka mzigo juu ya meza ya kazi, akafungua, akaizungusha breki kwa vidole viwili mbele ya macho yake. "Nieleze hiki."

Burl akainama kuitazama. "Umepiga kwa haraka," alisema.

"Nimepiga."

"Gundi haiwezi joto. Nilimwambia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mtu alikuamini, Burl. Alikuletea kazi ukamfanyia ya gundi, halafu ukakaa mezani kwangu unakula. Ungeniacha niende nayo mbele ya Kip na watu wote?"

"Mimi?" Burl akavua kinyago. "Unadhani hii ni kazi yangu?"

"Nani mwingine?"

"Shemeji, nimechomelea nguzo zilizobeba mlima mzima juu ya vichwa vya watu, kichwa cha Denver kikiwamo. Kama unataka kunitukana nitukane kwa sura yangu. Siyo kwa hili."

"Basi sema ni nani."

Burl akachukua kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja, kama mtu anayevitafutia kazi. "Kuna mtu nilimwahidi," akasema mwishowe.

"Usijifiche nyuma ya marehemu."

"Sijifichi. Ndiyo maana sikutaka kusema." Akasukuma bisibisi juu ya meza mpaka mbele yake. "Usiniamini mimi. Fungua kishikio cha mbele uangalie mwenyewe. Unakijua kilichokuwa ndani. Alikuwa anakuonyesha kila alipokipaka mafuta."

Arleta hakutaka, kwa sababu ameambiwa na Burl. Lakini akafungua. Kishikio kikateleza mbele, na chini yake, juu ya mtutu, palikuwa na kile kipande kinachopitisha gesi ya kuendesha bunduki. Cha zamani alikikumbuka, cheusi, kimechakaa pembeni. Hiki kilikuwa kipya na chembamba, na ubavuni kilikuwa na skrubu ndogo. Skrubu ilikuwa imekazwa karibu mpaka mwisho.

"Hiyo inapunguza gesi," Burl alisema. "Gesi ikipungua, teke linapungua. Kipande hicho hakiingii ila kwa kupitia mdomoni, na mdomoni kulikuwa na mchomeleo wangu. Aliukata kwa msumeno. Peke yake, kwenye banda lenu. Akakiingiza, akarudisha breki kwa gundi, akapaka rangi. Alisema ataniletea niichomelee upya shindano la vuli likipita."

"Kwa nini hakukuletea kabla?"

"Ningemuuliza kwa nini anapunguza teke."

Arleta alikuwa amekwisha kulijua jibu kabla hajalisikia. Upande wa kulia, chini ya mfupa wa bega, madaktari walikuwa wamempandikiza Denver kidude cha kupitishia dawa, kigumu kama kifungo cha koti, chini ya ngozi. Pale pale kitako cha bunduki kinapokaa. Vuli nzima alimuuliza kama kinamuuma akipiga. Vuli nzima alijibu hapana, sikihisi hata kidogo.

"Aliniambia hakimuumi," akasema.

"Alikuambia wewe."

"Na wewe alikuambia nini?"

"Mimi niliona damu kwenye shati. Shindano la vuli, nyuma ya gari lake. Akaniapisha palepale."

Arleta alilikumbuka shati hilo, la kahawia. Denver hakuwahi kufua nguo maishani mwake, na jioni ile alimkuta ameinama juu ya mashine akilisoma lile gurudumu la vipimo kama mtu anayesoma ramani. Walicheka. Alimwita mume bora wa kaunti.

Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akakaa juu yake. Burl alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Ungeniambia," Arleta akasema.

"Nilikuomba ufunguo."

"Hiyo siyo kuniambia."

"Hapana. Nilifikiri nitakaa nayo siku moja, niichomelee, niirudishe kabatini. Wewe hujui, yeye kapumzika, mimi sijavunja ahadi. Ukanifungia."

"Ukaanza kuniletea uongo. Tena wa kitoto, Burl. Mara mkali, mara umelika."

"Sina kipaji cha uongo. Denver ndiye aliyekuwa nacho."

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na likabaki pale katikati yao. Burl akaukodolea macho mtungi wa gesi. Arleta alitazama skrubu ile ndogo iliyokazwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa anaumwa, akafikiria jinsi miezi yote hii alivyomchunguza mtu asiyestahili kuchunguzwa, na yule aliyemficha alikuwa analala ubavuni pake, akimwomba kahawa.

Hakulia. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumpa.

"Ungekuwa wewe ungechagua upi?" akauliza baadaye.

"Mimi? Kumi na nane."

"Sikuulizi wewe. Mimi. Kwa mashindano haya."

Burl akamtazama kama anayempimia mlango. "Mikono yako mifupi. Unapita mlangoni umebana viwiko, na hupendi kurudi nyuma kutafuta nafasi. Huu unakufaa. Kusema kweli unakufaa kuliko ulivyomfaa yeye. Sikutaka kulisema akiwa hai, angenisumbua mpaka leo."

"Na ile skrubu?"

"Iache hivyo au ifungue. Bega ni lako."

Arleta alifikiri. Kisha akainuka, akachukua bisibisi nyembamba, akaifungua ile skrubu kidogo, na kidogo tena. Kama alivyoiacha, alikuwa amesema kwenye simu. Denver alikuwa ameiacha kwa kipimo cha maumivu yake, na hayo hakumrithisha mtu.

"Chomelea," akasema. "Nitasimama hapa."

"Utaharibu macho."

"Nipe kinyago."

Burl akamtafutia. Akautoa mtutu kwenye mwili wa bunduki kwanza, akaubana, akachokonoa gundi yote mpaka chuma kikang'aa, akaikaza breki, akatoboa tundu upya, akagonga pini. Arleta alisimama karibu kiasi cha kuhisi joto na hakukosa hata hatua moja. Pini aliigusa kwa kucha. Kabla ya mchomeleo alitaka kuiona tena. Burl alisubiri bila kulalamika, ila mara moja alisema kwamba hata mkaguzi wa mgodi alikuwa akienda kunywa chai.

Ilipopoa, Arleta akachukua spana kubwa, akaiweka kwenye breki, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake mpaka meza ikalia. Haikusogea. Akavuta upande wa pili. Haikusogea.

"Chuma nimekiamini," alisema, anahema. "Wewe nipe siku mbili tatu."

"Zichukue."

Siku ya shindano palikuwa na umande na watu wengi kuliko kawaida. Wake za wanachama walikuwa wameleta mikate ile yenye soseji ndani, na Kip alikuwa ametundika picha ya Denver kwenye nguzo ya bendera, amevaa miwani ya kupigia, anacheka na mtu asiyeonekana. Mezani, mzee mmoja wa klabu alifunga bolti ya nyuma ya mtutu, akadondosha ufito ndani ya mtutu, akautia alama, akautoa na kuupima. Akainua kidole gumba. Kisha, kama ilivyokuwa sharti jipya, akaishika breki kwa mkono mzima na kuikamua.

Arleta hakuitazama breki. Alimtazama Burl, aliyekuwa upande wa pili wa meza na saa ya mlio ya kuhesabia wapigaji muda shingoni, na Burl alikuwa anaitazama milima kana kwamba ameiona leo.

"Imevuka kwa unywele," mzee alisema. "Kama kawaida ya Denver. Pita, mama."

Ramona alikuwa akimsubiri kwenye kamba ya watazamaji. Alikuwa ameona kila kitu, na hasa alikuwa ameona kwamba Burl alimsaidia Arleta kubeba mfuko, na kwamba Arleta alimruhusu.

"Mmepatana," Ramona alisema.

"Hatukugombana."

"Wifi, wiki tatu zilizopita ulikuwa humtaki barazani. Alikuwa anataka nini hasa?"

Arleta alikuwa anajaza magazini. Kaka yake Ramona, aliyemlea mgongoni, alikuwa kwenye picha pale juu, mzima kabisa. Ingetosha sentensi moja. Angesema kuhusu shati, kuhusu msumeno ndani ya banda, na Ramona angekwenda nayo nyumbani akae nayo kila siku ya maisha yake, kama atakavyokaa nayo yeye.

"Alitaka nipige vizuri," alisema. "Siku ya jina la Denver."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Ramona akainama juu ya bunduki, mikono nyuma, akaikagua kama mtu anayenunua samaki. "Na hapa chini, mbona rangi ni mpya?"

"Ilichubuka."

"Ilichubuka wapi?"

"Kabatini."

Ramona aliinua uso taratibu na kumtazama wifi yake, na Arleta alilijua jicho hilo mara moja, kwa kuwa lilikuwa jicho lake mwenyewe kipindi chote cha baridi.

Wakaita jina lake. Akaenda kwenye mstari wa kuanzia, akasimama mbele ya mlango wa kwanza wa mbao, na Burl akaja kusimama nyuma ya bega lake, karibu, kama kazi inavyotaka.

"Mpigaji yuko tayari?" Burl akauliza.

Arleta alitikisa kichwa kukubali. Nyuma yake, mbali kidogo, kwenye kamba, alimhisi Ramona bado anamtazama.